Kompyuta za Nyumbani Zinaposhindwa Kuwasiliana: Namna ya Kutafuta Kasoro Kabla ya Kutoa Fedha

Tuchukue mfano wa nyumba moja yenye kompyuta mbili. Ya kwanza ni ya mezani. Imekaa sebuleni na ndimo zilimohifadhiwa picha za familia, risiti za malipo na barua za wateja wa mama mwenye nyumba, anayejipatia kipato kwa kuchapa nyaraka. Ya pili ni kipakatalishi cha mwanawe aliye masomoni. Kwa miezi kadhaa kipakatalishi hicho kimekuwa kikifungua folda iliyomo katika kompyuta ya sebuleni na kuchapisha kazi kwa printa iliyounganishwa nayo. Siku moja umeme unakatika. Unaporudi, kipakatalishi hakiioni tena kompyuta ya sebuleni. Fundi anaitwa, anatazama kwa dakika chache, kisha anasema kwamba ruta imeharibika na haina budi kununuliwa nyingine. Inanunuliwa. Kesho yake kasoro ni ileile. Jirani naye anashauri ulinzi wote wa kompyuta uzimwe ili zipate kuonana.

Katika mfano huu mtumiaji amekwisha kupoteza fedha, na sasa yu karibu kupoteza usalama wa kumbukumbu zake na za wateja wake. Hasara zote mbili zingeepukika kama kasoro ingetafutwa kwa utaratibu. Katika somo hili tunaeleza utaratibu huo kwa mtu asiye fundi. Kanuni yake ni moja: anza kwa kilicho karibu na kilicho rahisi, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na usivunje ulinzi wa nyumba nzima kwa sababu ya mlango mmoja uliokataa kufunguka. Mwishoni tutarudi katika mfano wetu ili tuone kasoro ilikuwa wapi.

MTANDAO WA NYUMBANI SI INTANETI

Watumiaji wengi huchanganya mambo haya mawili. Intaneti ni huduma inayotoka nje ya nyumba, nawe huilipia kwa mtoa huduma kwa mwezi au kwa vifurushi. Mtandao wa nyumbani ni mawasiliano ya vifaa vilivyomo ndani ya nyumba yako, na kiungo chake ni ruta. Kifurushi kikiisha, kompyuta mbili zilizounganishwa na ruta moja bado zinaweza kupelekeana faili. Kadhalika, intaneti inaweza kuwa na kasi nzuri katika kompyuta zote mbili, na bado kompyuta hizo zisionane.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa mfuko wako. Ikiwa kompyuta zote zinafungua tovuti bila taabu ila hazionani, kuongeza kifurushi au kuhamia kasi kubwa zaidi hakutasaidia lolote. Ikiwa zinaonana lakini hakuna tovuti inayofunguka, acha mipangilio ya kompyuta ilivyo na uwasiliane na mtoa huduma.

HATUA YA KWANZA: TAZAMA VITU VYENYEWE

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, hakikisha mambo manne yafuatayo.

1. Je, kompyuta zote mbili ziko macho? Kompyuta nyingi hujizima nusu baada ya muda fulani ili kuokoa umeme. Kompyuta iliyolala haiitiki inapoitwa na nyingine. Iamshe, kisha ujaribu tena. Ikiwa hiyo ndiyo sababu, ongeza muda wa kusubiri katika mipangilio ya umeme.

2. Je, waya umeshika? Kwa kompyuta inayotumia waya, tazama taa ndogo kwenye tundu unapoingia waya huo, upande wa kompyuta na upande wa ruta. Taa zisipowaka pande zote mbili, badili waya kwanza, kisha badili tundu la ruta. Waya mwingine wa kujaribia ni rahisi kuliko ruta mpya.

3. Je, kompyuta zote ziko kwenye mtandao mmoja? Soma jina la waifai katika kila kompyuta. Mara nyingi kompyuta moja huwa imejiunga na ruta, na nyingine imejiunga na intaneti ya simu ya mtu aliyemo chumbani. Zote zinafungua tovuti, lakini hazimo katika mtandao mmoja.

4. Je, mojawapo imo katika mtandao wa wageni? Ruta nyingi hutoa waifai ya pili kwa ajili ya wageni. Kwa kawaida waifai hiyo huwapa wageni intaneti na kuwazuia kuona vifaa vya wenyeji. Hiyo ndiyo kazi yake, wala si ubovu. Hamishia kompyuta yako kwenye waifai ya wenye nyumba.

Baada ya hapo, zima ruta, subiri kama nusu dakika, iwashe, na uipe dakika chache iamke. Zima na uwashe kompyuta zote mbili pia. Hapa tunatoa tahadhari: kuzima na kuwasha si sawa na kubonyeza kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa sindano nyuma ya ruta. Kitundu hicho huirudisha ruta katika hali iliyotoka nayo kiwandani na kufuta kila kitu, pamoja na mipangilio aliyoiweka mtoa huduma. Mtu akikibonyeza bila kujiandaa anaweza kujikuta hana mtandao wa nyumbani wala intaneti.

HATUA YA PILI: SOMA ANWANI

Kila kifaa katika mtandao hupewa namba yake, iitwayo anwani ya IP, kama nyumba za mtaa zinavyopewa namba. Kwa kawaida ruta ndiyo inayozigawa. Katika kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye nafasi ya kutafutia, kisha andika ipconfig na ubonyeze kitufe cha kuingiza. Tafuta mstari wenye maneno IPv4 Address. Mstari wenye maneno Default Gateway huonyesha anwani ya ruta yenyewe. Katika kompyuta ya Mac, anwani hizo zimo katika mipangilio ya mtandao. Andika kwenye karatasi anwani za kompyuta zote mbili, kisha uzilinganishe.

Anwani za nyumbani kwa kawaida huanza kwa 192.168 au kwa 10. Zipo pia zinazoanza kwa 172.16 hadi 172.31. Namba hizi zimetengwa kwa mitandao ya ndani, hivyo usishangae kuona nyumba ya jirani ina namba kama zako. Ulinganishapo, utaona mojawapo ya hali hizi:

Anwani inaanza kwa 169.254. Kompyuta hiyo iliomba namba kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kasoro iko kati ya kompyuta hiyo na ruta: waya, waifai, au ruta iliyokwama. Rudi kwenye hatua ya kwanza.

Sehemu tatu za mwanzo hazifanani. Kwa mfano, moja ina 192.168.1.20 na nyingine ina 192.168.0.15. Katika mitandao mingi ya nyumbani, hii ni dalili kwamba kuna ruta mbili: ile ya mtoa huduma, na nyingine iliyonunuliwa ili waifai ifike vyumba vya mbali. Kila ruta imeunda mtandao wake. Njia rahisi ni kuunganisha kompyuta zote kwenye ruta moja. Njia ya kudumu ni kuiweka ruta ya pili katika hali ya kupitisha mawasiliano tu bila kugawa anwani. Ruta nyingi zina chaguo hilo.

Anwani zinafanana kabisa. Nyumba mbili haziwezi kuwa na namba moja. Hali hii hutokea pale mtu alipoandika anwani kwa mkono katika kompyuta moja, kisha ruta ikaigawa namba hiyohiyo kwa nyingine. Irudishe kompyuta katika mpangilio wa kupokea anwani kutoka kwa ruta.

Sehemu tatu za mwanzo zinafanana na ya mwisho ni tofauti. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Endelea na hatua ya tatu.

HATUA YA TATU: PIGA HODI

Katika dirisha lilelile la amri, andika ping, acha nafasi, kisha andika anwani ya ruta. Amri hii ni kama kupiga hodi: kompyuta inabisha mara nne na kusubiri kuitikiwa. Ukiona majibu manne yenye muda wa mwendo, njia kutoka kompyuta yako hadi kwenye ruta ni nzima. Fanya hivyo katika kompyuta zote mbili. Ile isiyojibiwa na ruta ndiyo yenye kasoro, na sasa umekwisha kujua upande wa kutafuta.

Kisha piga hodi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Hapa soma kwa makini. Maneno Request timed out maana yake muda umekwisha bila jibu. Maneno Destination host unreachable maana yake anayetafutwa hakupatikana. Jibu hili la pili huwapoteza wengi, kwa kuwa mstari wake unaweza kuanza kwa Reply from kana kwamba umejibiwa, kumbe anayejibu ni kompyuta yako mwenyewe ikikueleza kwamba haikumpata mwenzake. Soma mstari wote hadi mwisho.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kukosa jibu kutoka kompyuta nyingine hakuthibitishi kwamba njia imekatika. Programu inayolinda kompyuta dhidi ya mawasiliano yasiyotakiwa, ambayo mafundi huiita faiawoli, inaweza kuiamuru kompyuta isiitikie hodi. Ikiwa ruta inajibu kompyuta zote mbili na anwani zao zinapatana, basi njia ni nzima. Kinachokosekana ni ruhusa.

HATUA YA NNE: TOA RUHUSA, KWA KIASI

Kasoro nyingi zinazodaiwa kuwa ubovu wa vifaa huishia hapa. Kompyuta ya kisasa haimfungulii kila anayebisha, na ni vyema iwe hivyo. Kagua mambo matano.

Kwanza, aina ya mtandao. Windows 10 na Windows 11 hutofautisha mtandao wa umma na mtandao binafsi. Katika mipangilio ya mtandao utaona maneno Public na Private. Katika mtandao wa umma kompyuta hujificha isionekane na wengine. Mtandao wa nyumbani unaouamini uweke kuwa binafsi, katika kompyuta zote mbili. Ule wa mgahawani, hotelini au kituo cha basi uache kuwa wa umma siku zote.

Pili, ruhusa ya kushirikisha. Katika mipangilio ya hali ya juu ya kushirikisha faili, ruhusu kompyuta kuonekana na ruhusu kushirikisha faili na printa, kwa mtandao binafsi tu. Kisha chagua folda unayotaka ifikiwe. Chagua folda moja yenye kazi hiyo. Usishirikishe diski nzima.

Tatu, jina na nenosiri. Kompyuta inayobishiwa hodi itauliza nani anayebisha. Jibu ni jina la akaunti iliyomo katika kompyuta hiyo pamoja na nenosiri lake. Watu wengi hukwama hapa kwa sababu huandika zile tarakimu fupi za PIN wanazofungulia kompyuta kila asubuhi. PIN hufanya kazi katika kompyuta ileile ilimowekwa. Haimtambulishi mtu anayetoka kompyuta nyingine. Vilevile, Windows kwa kawaida hukataa akaunti isiyo na nenosiri kuingia kupitia mtandao. Fungua akaunti maalumu katika kompyuta yenye folda, uipe nenosiri zuri, na utumie hiyo.

Nne, ruhusa mbili za folda moja. Kuna ruhusa ya kuishirikisha folda, na kuna ruhusa ya faili zilizomo ndani yake. Zikitofautiana, ile kali zaidi ndiyo hushinda. Ndiyo maana mtu anaweza kuiona folda, kisha akakatazwa kuifungua au kuhifadhi kitu ndani yake.

Tano, maelekezo yaliyopitwa na wakati. Ukielekezwa kutafuta huduma iitwayo HomeGroup, usiitafute. Iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2018. Kadhalika, zingatia kwamba msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haifai kuwa ghala la kumbukumbu za familia nzima.

NJIA ZA MKATO TUNAZOZIKATAZA

Mtu aliyehangaika siku nzima hushawishika kukubali lolote ilimradi kompyuta zionane. Ushauri wa aina tatu hutolewa kwa wepesi, nasi tunawasihi watumiaji waukatae.

Wa kwanza ni kuzima faiawoli moja kwa moja. Kuizima kwa dakika mbili ili kujua kama ndiyo inayozuia kunaweza kukubalika, ukiwa nyumbani na ukiiwasha mara tu baada ya jaribio. Ikithibitika kuwa ndiyo, iruhusu huduma ya kushirikisha faili peke yake na uache mengine yakilindwa.

Wa pili ni kushirikisha folda kwa kila mtu bila nenosiri. Kila anayepewa nenosiri la waifai yako, awe mgeni, mpangaji au rafiki wa mtoto, ataweza kuifungua folda hiyo, na pengine kuifuta.

Wa tatu ni kurudisha njia ya zamani ya kushirikisha faili iitwayo SMB1. Hatari yake imekwisha kuonekana. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika njia hiyo. Ilizifunga faili za watu kwa msimbo na kudai malipo ya dola 300 za Marekani ili zifunguliwe. Iliruka kutoka kompyuta hadi kompyuta katika mtandao bila mtumiaji kubofya chochote, na hospitali nchini Uingereza zililazimika kuahirisha huduma za wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya udhaifu huo tangu Machi mwaka huohuo. Kompyuta nyingi zilizoathirika hazikuwa zimesasishwa. Kifaa chako cha zamani kikikataa kufanya kazi bila SMB1, ni heri kuhamisha faili kwa diski ndogo ya kuchomeka kuliko kuiweka nyumba nzima katika hatari hiyo.

TURUDI KWENYE MFANO WETU

Ilikuwaje kompyuta mbili zilizokuwa zikiwasiliana vizuri zikashindwa baada ya umeme kukatika? Folda ya kompyuta ya sebuleni ilikuwa imewekewa njia ya kuifikia kwa namba, tuseme 192.168.1.5. Ruta iliyozimika ghafla huweza kusahau imempa nani namba gani. Ilipowaka iligawa upya, na kompyuta ya sebuleni ikapata 192.168.1.8. Kipakatalishi kiliendelea kupiga hodi namba 5, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ruta mpya haikuweza kuondoa kasoro hiyo, kwa kuwa nayo iligawa namba zake yenyewe. Wala faiawoli haikuwa na hatia.

Tiba yake haikuhitaji kununua kitu. Mtumiaji anaweza kuifikia kompyuta kwa jina lake badala ya namba, kwa kuandika alama mbili za mkwaju wa nyuma na kufuatisha jina la kompyuta katika nafasi ya anwani ya dirisha la faili. Au anaweza kuingia katika mipangilio ya ruta na kuitengea kompyuta ya sebuleni anwani moja ya kudumu. Njia hii ya pili inafaa pia kwa printa za waifai, ambazo hupotea kwa sababu hiyohiyo. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tunashauri anwani zitengwe tangu siku ya kwanza.

UKIMWITA FUNDI

Yapo matatizo yanayohitaji fundi, wala si aibu kumwita. Mweleze ulichokwisha kujaribu na umwonyeshe karatasi yenye anwani ulizoandika. Utaokoa muda wake na gharama yako. Kabla hajaanza, kubalianeni bei ya uchunguzi na bei ya matengenezo. Akisema kifaa kimekufa, mwombe akuthibitishie kwa kuweka kingine cha kujaribia kabla hujanunua. Akimaliza, mwombe akuandikie alichobadilisha, akuhakikishie kwamba faiawoli imewashwa, na akupe risiti. Kisha badili nenosiri la ruta ikiwa ulimpa, kwa kuwa ufunguo wa nyumba hauachwi mkononi mwa aliyekuja kutengeneza mlango.

Ikiwa ruta ni mali ya mtoa huduma na imethibitika kuwa mbovu, mjulishe yeye kwanza kabla ya kununua nyingine. Soma mkataba wako uone nani anawajibika kuibadilisha, na uhifadhi namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kompyuta zako zote mbili zinafungua tovuti lakini hazionani. Je, uongeze kifurushi? Hapana. Kasoro imo ndani ya nyumba.

2. Kompyuta moja ina anwani 169.254.10.7. Uanzie wapi? Kwenye waya au waifai inayoiunganisha na ruta, kwa kuwa haikupewa namba.

3. Ruta inajibu hodi ya kompyuta zote mbili na anwani zao zinapatana, lakini folda haifunguki. Ununue nini? Usinunue kitu. Kagua aina ya mtandao, jina, nenosiri na ruhusa za folda.

4. Fundi anasema atazima ulinzi wote na kazi itakuwa imekwisha. Umjibu nini? Mwambie aruhusu huduma moja inayohitajika, na mengine ayaache yalivyo.